Mikataba ya hewa ukaa kanda ya kati: ipi inamfaa mkulima wa Dodoma

Huduma ya malipo ya hewa ukaa, au kaboni kwa kifupi, ni rahisi kuieleza. Kampuni au serikali iliyo Ulaya au Marekani inatoa fedha kwa anayetunza miti huku kwetu, miti inavuta hewa ukaa, na mlipaji anaihesabu hewa hiyo upande wake. Kanda ya kati huduma hii hufika kwa sura mbili. Moja inamlipa mkulima mmoja mmoja kwa miti iliyo shambani kwake, nyingine inakilipa kijiji kizima kwa kutofyeka msitu wake. Maafisa wanaozinadi hutumia maneno yaleyale, ndiyo maana wananchi wengi huzichanganya, lakini mkataba ni tofauti, fedha ni tofauti na hatari ni tofauti.

Tathmini yetu tuitangulize kabisa. Kwa mvua ya Dodoma, malipo ya mti mmoja mmoja ni nyongeza ndogo juu ya mti ambao tayari una faida nyingine. Anayepanda kwa ajili ya kaboni peke yake atakata tamaa mwaka wa pili. Malipo ya msitu wa kijiji ndiyo yenye fedha ya kujenga darasa na zahanati, lakini ni kwa kijiji chenye msitu mkubwa na karatasi za ardhi zilizonyooka.

Malipo ya mti mmoja mmoja

Mojawapo ya programu za aina hii zinazojulikana zaidi duniani ilianzia mkoani hapa. TIST, programu ya vikundi vidogo vya wakulima wanaopanda miti, ilianza mwaka 1999 Mpwapwa, kwa wakulima waliokutana kupitia Kanisa Anglikana, wakishirikiana na Clean Air Action Corporation ya Tulsa, Marekani. Baadaye ikaenda Uganda, Kenya na India, na huko Kenya ndiko ilikotanuka sana.

Muundo wake ni mzuri na unastahili kusifiwa kabla ya kuhesabu fedha. Watu 6 hadi 12 wanaunda kikundi kidogo, na vikundi vilivyo umbali wa kutembea kwa miguu vinakutana pamoja. Uongozi unazunguka, hakuna mwenyekiti wa kudumu. Mwisho wa kikao kila mwanakikundi humtajia kiongozi wa siku hiyo jambo moja mahususi alilolifanya vizuri. Utaratibu huu wanauita kujengana. Anayejua jinsi vikundi vya vijijini vinavyokufa kwa sababu ya mwenyekiti mmoja king'ang'anizi ataelewa kwa nini jambo hili ni la msingi kuliko linavyoonekana.

Sasa fedha. Malipo ya awali yanayojulikana ya TIST ni dola 0.02 kwa kila mti ulio hai kwa mwaka. Krediti, yaani vipimo vya hewa ukaa vinavyouzwa kwa mlipaji, zikishauzwa, asilimia 70 ya faida inayobaki baada ya gharama ni ya wakulima. Mwenye miti 500 anapata dola 10 kwa mwaka, ambazo kwa dola ya shilingi 2,500 ni shilingi 25,000. Kikundi cha watu 10, kila mmoja na miti 500, kitapata shilingi 250,000.

Wengi wakisikia hesabu hii husema wanaibiwa. Ni bora kuupima mti wenyewe kabla ya kulaumu. Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa. Mti wenye uzito mkavu wa kilo 100, mizizi ikiwemo, una kaboni takriban kilo 47. Ukizidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, ambao ndio uwiano wa uzito wa hewa ukaa na kaboni, unapata kilo 172 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani moja inahitaji miti kama hiyo karibu sita. Tani ikiuzwa dola 10, mti huo, tangu uote hadi ufikie uzito huo, umebeba dola 1.72, kabla hujamlipa mpimaji, mkaguzi wa nje, ada ya usajili na dalali. Na hapa Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba mikavu. Mgunga haukimbilii kilo 100. Mkulima wa Meru au Njombe mwenye mvua mara mbili ya yetu anaweza kusaini mkataba uleule, kwa bei ileile, akapata mara kadhaa ya tunachopata sisi, kwa sababu tu mti wake unanenepa haraka.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa afisa anayekuja na fomu lisiwe bei ya mti. Muulize mti huo utanipa nini nje ya kaboni. Mgunga hutoa maganda ambayo mbuzi hula kiangazi, mkwaju hutoa tunda la kuuza, mwarobaini na mjohoro hutoa kivuli, kuni na nguzo. Kama jibu la sehemu hiyo ni zuri, shilingi 25,000 za kaboni ni bonasi njema. Kama mti anaokuletea hauna kazi nyingine shambani, kataa.

Upimaji ni sehemu ambayo mkulima anapaswa kuielewa mwenyewe, maana hapo ndipo fedha hupotea bila mtu kuiba. Mpimaji anazunguka shamba na kifaa cha GPS kuchukua mipaka, anahesabu miti hai kwa aina na umri, kisha anapima unene wa sampuli. Unene unapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko, kamba ikiwa imekaza na haijapinda. Mzunguko ukigawanywa kwa 3.14 unapata kipenyo. Tatizo la miti yetu ni kwamba mgunga na jamaa zake hugawanyika chini ya urefu huo. Mpimaji mvivu anapima shina moja nene na kuacha mengine. Inavyotakiwa, kila shina lipimwe, vipenyo vizidishwe kwa vyenyewe, vijumlishwe, kisha itafutwe kipeo cha pili cha jumla. Mti wenye mashina mawili ya sentimita 9 na 12 unahesabika kama shina moja la sentimita 15 (81 na 144 ni 225, na kipeo chake ni 15). Ukiandikiwa 12, zaidi ya theluthi ya uzito wa mti wako imebaki porini. Kuwa naye shambani, shika kamba mwenyewe.

Makosa mengine yanayoua malipo haya tunayaona kila msimu. Miche inayoletwa Februari na kupandwa Machi haina muda wa kushusha mizizi kabla ya ukame, hivyo mashimo yachimbwe Oktoba na mche uingie ardhini mvua za mwanzo zikishalowesha udongo sentimita 30, Desemba au mapema Januari. Mbuzi wanaoachiwa baada ya mavuno humaliza kazi ya mwaka mzima kwa wiki moja, na boma la miiba kuzunguka kila mche ni la lazima. Mchwa hushambulia zaidi mche wenye kiu. Miti iliyosongamana mita moja kwa moja huonekana mingi kwenye hesabu ya mwaka wa kwanza, kisha inadumaa na kufa, na mti uliokufa haulipwi. Upande wa malipo, namba ya simu isajiliwe kwa kitambulisho cha anayetunza miti. Miti mingi ya shambani hutunzwa na mama huku namba iliyoandikwa ni ya baba, na huo ni ugomvi ambao kikundi hakiwezi kuumaliza.

Kabla ya kupanda, tazama visiki

Kwa udongo wa Kongwa, Chamwino, Bahi au Mpwapwa, njia ya bei nafuu zaidi ya kupata mti si kitalu. Ni kisiki hai. Mashamba yetu yamejaa mizizi ya miti iliyokatwa miaka mingi iliyopita, ambayo kila mvua inachipua na kila msimu wa kulima inafyekwa. Mzizi huo tayari uko chini ambako unyevu hubaki hata Septemba, jambo ambalo mche wa kitaluni hauwezi kulifikia kwa miaka. Njia hii ilipata umaarufu Niger kuanzia miaka ya 1980, na hapa Dodoma LEAD Foundation ya Mpwapwa na Justdiggit ya Uholanzi wameieneza kwa jina hilohilo la Kisiki Hai.

Kazi yake iko hivi. Chagua kisiki chenye machipukizi yenye nguvu. Acha machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka na manene, mengine ondoa kwa panga kali, ukikata karibu na kisiki kwa mshazari kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Katika yale uliyoyaacha, pogoa matawi ya pembeni ya nusu ya chini tu. Ukipogoa juu zaidi unaunyima mti majani ya kujilisha. Funga kitambaa cha rangi ili jirani, mchungaji na dereva wa trekta wajue kwamba kichaka kile kina mwenyewe. Kisha linda, na urudie kupogoa kila baada ya miezi michache. Ulichokata ni kuni za nyumbani siku hiyohiyo.

Ukitaka kisiki hai kiingie kwenye mkataba wa kaboni, kuna jambo moja la kufanya mapema: hali ya shamba kabla ya kuanza iandikwe. Mnunuzi analipa kwa ongezeko, na halipi kwa mti uliokuwapo. Shamba lililopogolewa miaka mitatu kabla ya mpimaji kufika litahesabiwa kuanzia pale alipolikuta. Piga picha zenye tarehe, chukua alama za GPS, peleka nakala kwa ofisa misitu wa kata. Na yeyote atakayewaambia mfyeke kichaka cha asili ili mpande miti ya mradi, mfukuzeni. Chini ya viwango vya Verra, shirika linalosajili miradi ya kaboni, ardhi iliyoondolewa uoto wa asili ndani ya miaka 10 kabla ya mradi haipati krediti za upandaji miti, na mtakuwa mmepoteza msitu na fedha kwa pamoja.

Msitu wa kijiji

Hapa bidhaa ni nyingine kabisa. Kijiji kinalipwa kwa sababu msitu ambao ungefyekwa haujafyekwa. Mfano ulio jirani nasi ni bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, ambako Wahadzabe wa Domanga na Mongo wa Mono walipata hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao mwaka 2011 na kuingia makubaliano na kampuni ya Carbon Tanzania chini ya kiwango cha Plan Vivo cha Uskoti. Tishio lilikuwa mashamba mapya na mifugo kuingia kwenye makazi yao ya kuwinda na kurina asali. Malipo yanategemea msitu kubaki, walinzi wa kijamii wanapita na kuandika wanachokiona, na fedha inaingia kwa jamii. Mkoani Katavi, vijiji 8 vya wilaya ya Tanganyika vinavyozunguka milima ya Ntakata vimepata mabilioni ya shilingi kwa mfumo wa aina hii, na yameonekana kwenye madarasa, zahanati na bima ya afya.

Kijiji cha Kondoa, Chemba, Manyoni au Mkalama kinachotaka kuingia kianze na karatasi. Mipaka ya kijiji iwe na cheti. Uwepo mpango wa matumizi bora ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 2007. Msitu utengwe kuwa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, uwe na kamati, mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua, na muhtasari wake wenye saini za mahudhurio una nguvu kuliko barua ya mwenyekiti. Kisha mradi usajiliwe kwa mujibu wa Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kupitia Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, NCMC, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kampuni inayowaambia kwamba hatua hiyo mtaifanya baadaye, msiisainie chochote.

Mkataba wenyewe usomwe kwa kalamu mkononi. Kifungu cha kwanza cha kutafuta ni kile cha mgawanyo: asilimia ya nini? Chukua mfano. Zimepimwa tani 10,000. Asilimia 20 inawekwa akiba ya tahadhari, ikitokea moto au ufyekaji, hivyo zinauzwa 8,000. Kwa dola 10 ni dola 80,000. Mkataba unaosema kijiji kinapata asilimia 60 ya mauzo unawapa dola 48,000. Mkataba unaosema asilimia 60 baada ya gharama, na gharama zikaandikwa dola 35,000, unawapa dola 27,000. Asilimia ni ileile, na tofauti ni zaidi ya shilingi milioni 52. Plan Vivo inataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iende kwa jamii, na hiyo ni sakafu nzuri ya kuanzia mazungumzo yoyote. Dai pia kuonyeshwa bei halisi ya kila mauzo, maana bila hiyo asilimia yoyote ni maneno matupu.

Vifungu vingine vya kukazia macho ni muda, kwa kuwa mikataba hii hufunga ardhi kwa makumi ya miaka na watoto wenu ndio watakaoishi nayo. Haki ya kuvunja mkataba na gharama yake. Nani anabeba hasara msitu ukiungua. Na kama malisho ya kiangazi, mizinga, kuni za matawi makavu na matambiko vinaruhusiwa. Kama havijaandikwa, vihesabuni kuwa vimekatazwa.

Bei nayo inayumba. Mwaka 2023 soko la hiari, ambako kampuni hununua krediti bila kulazimishwa na sheria, lilitikisika baada ya miradi kadhaa mikubwa kulaumiwa kwa kutia chumvi hesabu za ufyekaji uliozuiwa, na kampuni ya South Pole ya Uswisi ikajitoa kwenye mradi wa misitu wa Kariba, Zimbabwe. Kijiji kilichoajiri walinzi na walimu wa kujitolea kwa kutegemea bei ya mwaka mmoja hujikuta hakina mshahara mwaka unaofuata. Fedha ya kaboni ijenge na inunue. Isilipe mishahara ya kudumu.

Funzo la Kondoa

Kanda hii ina kumbukumbu yake kuhusu hifadhi bila malipo, na inasikitisha kwamba maandiko ya miradi mipya hayaitaji. HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi, makorongo yakatulia, na leo milima ya Irangi ni kijani kuliko ilivyokuwa. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamia nyanda za jirani, mzigo wa malisho ukahamia huko, na familia zilizobaki zikakosa maziwa na samadi hadi ufugaji wa ndani ulipoanza kuruhusiwa. Wataalamu wa kaboni huita hali hiyo kuvuja, na mkaguzi akiikuta anakata krediti. Kwa hiyo mradi wowote wa msitu wa kijiji hapa kwetu usio na ukurasa unaoeleza ng'ombe watakwenda wapi Septemba, haujakamilika, hata kama ramani zake zinapendeza.

Kondoa hiyohiyo, kwenye misitu ya milima ya Kolo, kulikuwa na mradi wa majaribio ya malipo ya msitu wa African Wildlife Foundation ulioanza mwaka 2010 kwa fedha za Norway. Vijiji vilipata mipango ya ardhi na mafunzo ya kupima misitu, mambo yenye thamani hadi leo. Ila miradi mingi ya majaribio ya aina hiyo nchini ilifika mwisho wa ufadhili kabla ya kufika sokoni. Ukisikia neno majaribio, uliza mnunuzi ni nani na amesaini nini.

Mnunuzi aliye karibu

Kuna bidhaa moja ambayo tungeipa alama za juu kuliko zote kama ingekuwepo: malipo ya maji. Jiji la Dodoma linakunywa hasa maji ya visima vya Makutupora, bonde la Mzakwe, linalopitiwa na mto Kinyasungwe Mdogo. Kumbukumbu za miaka 55 za visima hivyo zimeonyesha kwamba maji ya chini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa sana, si na kila mvua ya kawaida. Maana yake, mkulima anayepunguza mmomonyoko na kuyafanya mafuriko yatulie ardhini badala ya kuondoka na mchanga anafanya kazi ambayo jiji linaihitaji, na leo anaifanya bure.

Mfumo wake hauhitaji kugunduliwa. Costa Rica inawalipa wenye misitu tangu mwaka 1997 kupitia mfuko wa FONAFIFO, sehemu ya fedha ikitoka kwenye kodi ya mafuta. Hapa nchini, CARE na WWF waliwaunganisha wakulima wa Kibungo Juu, milima ya Uluguru, na watumiaji wa maji ya mto Ruvu, wakiwemo DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza. Wakulima walilipwa kwa matuta ya ngazi, miti na majani waliyoyaweka kwenye miteremko. Dodoma kinachotakiwa ni kiasi kidogo kwenye kila uniti ya maji, mfuko wenye akaunti inayokaguliwa hadharani, orodha ya mashamba yaliyo kwenye vijito vinavyoingia bondeni, na vipimo vinavyoeleweka na pande zote: urefu wa makinga maji yaliyochimbwa kwa kufuata kontua (mistari ya mwinuko ulio sawa), idadi ya visiki vilivyolindwa, na kina cha maji kwenye visima vya uangalizi kabla na baada ya masika.